Wabajuni Si Watu wa Wakati Uliopita

Msomaji wangu, mwanafunzi wa Kiswahili popote ulipo, leo nataka tugombane na kiambishi kimoja. Ni kile ulichofundishwa wiki za mwanzo kabisa: -li-, kiambishi cha wakati uliopita. Nilisoma, ulisoma, alisoma. Hakuna kiambishi kinachoonekana kipole kama hicho, wala hakuna kilichonikera zaidi mwaka huu.

Nilikutana nacho katika jumba moja la kumbukumbu za taifa, kwenye ukumbi wa maonyesho ya historia ya jamii. Sitalitaja jina, kwa kuwa kosa lake ni la majumba mengi, na sitaki ujiliwaze kwa kudhani ni la hilo moja tu. Nilikuwa nimewapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Tulipita kwenye ngao, vinu, vigoda vya wazee na mapambo ya maharusi, hata tukafika penye kabati la kioo lenye kielelezo kidogo cha mtepe. Chini yake palikuwa na kadi ya maelezo. Ilisema kwamba Wabajuni walikuwa wavuvi na mabaharia wa visiwa vya kaskazini, kwamba walisema lahaja ya Kiswahili, na kwamba waliunda vyombo vya kushonwa kwa kamba. Vitenzi vitatu, na -li- tatu.

Miongoni mwa wanafunzi wangu yumo msichana ambaye bibi yake alizaliwa kisiwani Chovai. Aliisoma kadi ile mara mbili, kisha akanigeukia. “Mwalimu, walikuwa? Kwani sisi tumekwisha?”

Sikuwa na jibu. Nilisema jambo la kupoza, kama tusemavyo walimu tunapokwama, tukaendelea na safari yetu. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa pale pale.

Tuanze na watu wenyewe. Wabajuni ni Waswahili wa upande wa kaskazini kabisa wa pwani yetu. Makao yao ya asili yanaanzia Kismayo, nchini Somalia, yakashuka kusini kwa kufuata msururu wa visiwa ambavyo majina yake ungepaswa kuyajua kama unavyojua Unguja na Pemba: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula. Yakaendelea Burgabo na Ras Kiamboni, yakavuka mpaka na kuingia Kenya, kupitia Kiunga, Kiwayu na Ndau hadi Faza katika kisiwa cha Pate. Leo utawakuta pia Lamu, Malindi na Mombasa, na wengine wako mbali zaidi, Uingereza na kwingineko. Wanavua, wanaoa, wanasuka mikeka, wanagombea ubunge, wanalipa karo. Yote hayo ni ya sasa.

Lugha yao ni Kibajuni, ambacho pia huitwa Kitikuu, na ni lahaja ya Kiswahili. Zingatia neno hilo la pili. Katika lahaja za kaskazini “nchi” ni “nti”, na “nti kuu” ni nchi kuu, yaani bara. Zingatia pia jina la mji. Wengi hulifasiri Kismayo kuwa ni “kisima yuu”, kisima cha juu, kwa kuwa “juu” ya Kiswahili sanifu huko ni “yuu”, kama vile “moja” ilivyo “moya” na “maji” yalivyo “mai”. Mji mkubwa wa kusini mwa Somalia umebeba sarufi ya Kiswahili katika jina lake, na kila msomaji wa habari anayeutaja mji huo anasema Kiswahili bila kujijua. Ukipanda kaskazini zaidi, katika mji wa Barawa, utakuta lahaja nyingine, Chimiini au Chimbalazi, ambayo nayo ina wazungumzaji wake hadi leo.

Kwa sababu hiyo, nilishangaa kusikia yaliyosemwa Somalia ilipokubaliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mnamo Novemba 2023. Wapo waliosema, kwa nia njema, kwamba sasa Kiswahili kitaingia Somalia. Kwamba Wasomali itawabidi wajifunze lugha ngeni ya jirani zao. Lugha haiingii nyumba iliyozaliwa. Kabla ya kuwapo jumuiya yoyote, kabla ya mpaka wowote kuchorwa, palikuwa na mama kisiwani Koyama akimbembeleza mwanawe kwa Kiswahili. Ukitaka kuwapeleka Somalia walimu wa Kiswahili, wapeleke. Lakini wakifika, wabishe hodi kwanza kwa wenyeji wa lugha hiyo, wawasalimu, wawasikilize.

Imekuwaje basi watu walio hai waandikwe kana kwamba ni mabaki? Ili kulijibu swali hilo inatubidi tujue kumbukumbu zao ziko wapi. Nitakutajia miji mitatu, na hakuna hata mmoja ulio katika visiwa vyao.

Mji wa kwanza ni Nairobi. Ukisimama Moi Avenue utaliona jengo la Nyaraka za Taifa za Kenya, taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, katika jengo lililokuwa zamani la Bank of India. Ghorofa ya chini ina mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, na nakusihi uende ukauone, kwa kuwa ni mfano wa raia aliyekusanya kumbukumbu za watu wake na wa Afrika nzima bila kungoja aambiwe. Humo katika hifadhi za jengo hilo yamo majalada ya Jimbo la Jubaland. Usishangae. Kismayo na visiwa vile vilikuwa sehemu ya himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki hadi mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia nchi yote iliyo ng’ambo ya mto Juba, kuwa sehemu ya malipo ya ahadi za Vita vya Kwanza vya Dunia. Mvuvi wa Chula alilala chini ya bendera moja akaamka chini ya nyingine, naye hakuhama wala hakuulizwa.

Mji wa pili ni Roma. Waitaliano waliiita nchi hiyo Oltregiuba, ng’ambo ya Juba, na walioandika habari za Wabajuni baada ya hapo waliandika Kiitaliano. Kitabu kinachojulikana sana juu ya maisha yao, kilichotoka mwaka 1955, ni cha mwanaethnolojia Vinigi Grottanelli, na jina lake kuu tunaweza kulifasiri “Wavuvi wa Bahari ya Hindi”. Ni kazi ya bidii, nami sina neno baya la kuisema. Hata hivyo, fikiri jambo hili: mwanafunzi wa Roma ameweza kusoma katika lugha yake habari za mitego, ndoa na vyombo vya Wabajuni kwa miaka sabini, na mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye lugha yake ndiyo lugha ya watu hao, hana kitabu cha namna hiyo mkononi darasani.

Mji wa tatu ni Mogadishu. Makumbusho ya taifa ya Somalia yaliwekwa katika jengo la Garesa, nalo lilijengwa katika karne ya 19 kwa amri ya Sultani wa Unguja. Waitaliano walilifanya makumbusho katika miaka ya 1930. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, jumba hilo liliporwa. Kabati tupu halina lugha, na aliyekuwa na ushahidi wake humo hakuubeba mtu alipokimbia.

Sasa unganisha miji hiyo mitatu. Jalada la Nairobi linakomea mwaka 1925. La Roma limeandikwa kwa lugha ambayo wenyewe hawaisomi. La Mogadishu limetawanywa na vita. Juu ya hayo yote, katika majalada ya kikoloni anayenena ni mtawala. Mkuu wa wilaya anaandika juu ya kodi, juu ya mikoko iliyokatwa, juu ya vyombo vilivyopita bila kibali. Mbajuni hutokea pale alipokosa kulipa au alipopeleka malalamiko, tena kwa sauti ya karani na mkalimani. Mwanamke hatokei takriban kabisa. Majalada hayo yana thamani kubwa, na ninataka uyasome. Ninachokuonya ni kwamba jumba likiyatumia hayo peke yake kuandikia kadi zake, litarithi macho ya yule mkuu wa wilaya: litawaona Wabajuni kama kitu alichokipita akiwa njiani.

Huenda unajiuliza kwa nini mwalimu anatokwa na jasho kwa ajili ya kadi ya maelezo. Nitakuambia.

Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, Wabajuni wa visiwani na wa Kismayo, ambao hawakuwa na wanamgambo wa kuwalinda, walikimbia kwa mashua na majahazi kuja Kenya. Wengi walikaa katika kambi za wakimbizi za Mombasa, ikiwamo ya Jomvu, hadi kambi za pwani zilipofungwa katika miaka hiyo hiyo ya 1990. Baadhi walirudi, baadhi walibaki, na baadhi walifika Ulaya wakaomba hifadhi. Huko Ulaya waliulizwa swali ambalo kwa masikio yetu ni la ajabu: thibitisha kuwa wewe ni Mbajuni.

Uthibitisho gani? Mtu aliyezaliwa kisiwani, penye nyumba za makuti, chini ya dola iliyoanguka, hana cheti. Ana ulimi wake. Basi wakamrekodi akizungumza kwa simu, na rekodi ikapelekwa kwa kampuni nchini Sweden ili wachambuzi waseme ametoka wapi. Wakamwuliza majina ya visiwa. Wakamwuliza kama anajua Kisomali, na jambo la lugha anazozijua Mbajuni lilikuwa zito kiasi kwamba mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi wa mwongozo juu yake. Mwaka 2014 kesi za uchambuzi wa lugha wa namna hii, zilizowahusu waombaji waliosema wametoka Somalia, zilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza. Mahakama ilisisitiza kwamba mchambuzi wa lugha hana budi kuonyesha msingi wa utaalamu wake, na kwamba kupima ukweli wa msimulizi si kazi yake.

Hapa ndipo sarufi inapogeuka kuwa maisha ya mtu. Kibajuni cha Chula na Kibajuni cha Kiunga ni lugha moja, maana mpaka ulichorwa juu ya watu ambao tayari walikuwa ndugu. Kwa hiyo ulimi peke yake hauwezi daima kukuambia mtu alilala upande gani wa mstari. Wanaisimu walioitafiti lahaja hii kwa makini ni wachache. Anayetajwa sana ni Derek Nurse. Hakimu aliyetafuta rekodi za wazee wa Koyama, ramani za vijiji vyao, orodha ya majina ya mitaa na ya miamba wanapovua, zilizokusanywa na kuhifadhiwa na taasisi ya umma ya Afrika Mashariki, angepata wapi? Mwenye visiwa alipohitaji shahidi, majumba yetu yalikuwa na mtepe wa mbao ndani ya kabati na kadi isemayo “walikuwa”.

Wala usidhani kuwa hayo ni ya Somalia na Ulaya pekee. Upande wa Kenya, wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, vijiji vya Wabajuni vya pwani ya bara kaskazini mwa Lamu vilihamwa, na wakazi wake wakatawanyika Lamu, Malindi na Mombasa. Kuna familia ambazo hadi leo mashamba yao ni msitu. Mzee anayeyajua mashamba hayo anakijua kila kisima na kila mbuyu, lakini ujuzi huo umo kichwani mwake tu. Akifa, atakayefuata atadai ardhi kwa hati gani?

Najua nitakavyojibiwa, na si haki niseme peke yangu. Wa kwanza atasema: makumbusho ni ya mambo ya kale, kwa hiyo -li- ndicho kiambishi chake. Nakubali nusu. Mtepe ulikuwa chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari ya chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Chombo hicho kilikwisha kutoweka katika biashara mwanzoni mwa karne iliyopita, na ule mtepe wa ukubwa kamili ulioundwa Zanzibar mwaka 2003, ukapewa jina la Shungwaya na kuwekwa Beit al-Ajaib, uliundwa kwa sababu wa asili hawapo tena. Kwa chombo, -li- ni halali. Kwa watu walioshona chombo, ambao wajukuu wao wanasimama mbele ya kabati wakisoma, -li- ni dhuluma. Mwandishi wa kadi aliyeshindwa kutofautisha kitu na mwenye kitu angerudishwa nyuma hata katika darasa langu la kidato cha kwanza.

Wa pili atasema: Wabajuni ni wachache, na jumba la taifa lina kuta chache. Hoja hii naiogopa zaidi, kwa kuwa ina heshima ya hesabu. Wenzetu wa Somalia wanaijua hesabu hiyo kwa jina: fomula ya 4.5, inayotumika kugawana madaraka tangu mkutano wa Arta wa mwaka 2000. Koo nne kubwa hupewa sehemu nzima nzima, na jamii zote ndogo, Wabajuni wakiwamo, hugawana ile nusu iliyobaki. Waswahili wamesema kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Lakini jumba la kumbukumbu halikujengwa ili lipime upepo. Lilijengwa ili hata dau la mnyonge liandikwe kuwa lilipita, nani alikuwa nahodha wake, na bado linakwenda wapi. Jumba lenye kufuata wingi tu ni tangazo la mwenye nguvu.

Wa tatu, na huyu ni mwenye hasira, atasema kwamba kuwataja Wabajuni ni kuwagawa watu wa taifa moja. Kwamba Somalia ni nchi ya watu wamoja wenye lugha moja. Ndugu yangu, soma katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012. Ibara ya 31 inaitaka dola iziendeleze mila na lahaja za jamii ndogo. Soma na katiba ya Kenya ya mwaka 2010: ibara ya 7 inaitaka dola ilinde na kukuza lugha mbalimbali za wananchi, na ibara ya 44 inampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake na kushiriki utamaduni wake. Anayedai Kibajuni kiwekwe mahali pake anadai sheria itekelezwe. Anayekificha kwa jina la umoja ndiye anayebomoa, kwa sababu umoja unaohitaji watu wanyamaze hauwi na nguvu siku watakaposema.

Liko kosa la nne, na hilo silirushi kwa mwingine, kwa kuwa nililitenda mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, nikiwa nimetoka chuoni na stashahada yangu ingali inanukia wino, mwanafunzi mmoja aliandika katika insha “wachu” mahali pa “watu”. Nilizungushia kalamu nyekundu na kuandika pembeni: Kiswahili kibovu. Aliandika vile mara saba, nami nikakata alama saba. Siku hizo nilikuwa na haraka ya kusahihisha kuliko kusoma. Sikutambua kwamba katika maneno mengi, penye t ya Kiswahili sanifu Kibajuni huweka ch, na kwamba mtoto yule hakukosea hata mara moja: alifuata kanuni ya bibi yake kwa uaminifu kuliko mimi nilivyofuata ya kitabu.

Nilipaswa kumweleza kwamba mtihani unadai Kiswahili sanifu, kwa hiyo hapa andika “watu”. Na kwamba kwao wanasema “wachu”, nalo ni neno timamu lenye kanuni yake. Hayo mawili hayagombani. Kiswahili sanifu tunachokifundisha kilitokana na lahaja ya Unguja, iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Tazama tarehe hiyo na uikumbuke ile ya 1925. Miaka mitatu tu kabla ya kuamuliwa Kiswahili kipi kiwe cha vitabu, Wabajuni wa visiwani walikuwa wamekwisha kutengwa na nchi zilizoamua. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Visiwa vile vilikuwa vya Italia. Kutokuwamo kwao katika vitabu vyetu kulitokana na wino uliochora mpaka, kisha sisi walimu tukauita upungufu wao.

Basi tunataka nini? Lawama bila dai ni kelele, na uraia ni kujua cha kudai. Ninayo madai matatu kwa kila jumba la kumbukumbu la taifa katika pwani hii.

Kwanza, zisahihishwe nyakati. Kadi yoyote inayozungumzia jamii iliyo hai ianze kwa wakati uliopo, iseme wanaishi wapi na wanasema nini, ndipo ishuke katika historia. Kazi hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji kalamu na mwenye kadi kuona haya kidogo.

Pili, zikusanywe sauti. Jengo huporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib yenyewe ilianguka na kuua watu, nasi tukajifunza kwamba hata kuta nene za sultani hazina ahadi. Sauti iliyorekodiwa inaweza kuwekwa Nairobi, Mogadishu, Zanzibar na Roma siku hiyo hiyo, na moja ikipotea nyingine zikabaki. Warekodiwe wazee wa Chula, wa Faza, wa Kiunga, na waliohamia ng’ambo. Wasimulie kwa Kibajuni chao, na maneno yao yaandikwe kama walivyoyatamka, pamoja na tafsiri ya Kiswahili sanifu na ya Kisomali.

Tatu, majalada yasomwe na wanaohusika. Ibara ya 35 ya katiba ya Kenya inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Haki isiyotumiwa hufifia kama wino wa karani. Majalada ya Jubaland yana majina ya vijiji na ya watu. Wako wajukuu Mombasa ambao hawajui kwamba wanaweza kuyaomba na kuyasoma.

Na wewe, msomaji, unayejifunza Kiswahili pengine kwa ajili ya mtihani, pengine kwa kukipenda? Kazi yako ni ndogo lakini ni yako. Ukiingia makumbusho yoyote, usisome vitu tu. Soma vitenzi. Jiulize ni nani anayesema katika kadi hii, na ni nani anayesemwa. Ukiona jamii uijuayo iko hai imeandikwa kwa -li-, mwandikie mkuu wa jumba barua ya heshima, kwa Kiswahili fasaha, ukimwonyesha kosa na sahihisho. Kisha mtafute mzee mmoja wa kwenu, wa lahaja yoyote ile. Mwamkie shikamoo, uketi, umwombe ruhusa kabla ya kuwasha simu, umwulize alizaliwa wapi na paliitwaje. Usimsahihishe matamshi.

Sisi katika darasa letu tumekwisha kuandika barua yetu, nayo imesainiwa na wanafunzi thelathini na wanane. Tuliambatanisha kadi mpya tuliyoitunga pamoja. Yule msichana ndiye aliyeshika kalamu. Naiweka hapa ili uipime mwenyewe, na ukiona neno la kuongeza, niandikie:

“Wabajuni ni Waswahili wa visiwa na pwani ya kusini mwa Somalia na kaskazini mwa Kenya. Wanasema Kibajuni, lahaja ya Kiswahili. Wengi wao ni wavuvi, mabaharia na wafanyabiashara. Mpaka wa kikoloni uliwagawa, na vita vya nchi mbili viliwaondoa wengi katika makao yao. Mababu zao waliunda mtepe unaouona hapa. Wao wenyewe wapo. Ukitaka kuwasikia, bonyeza hapa.”

Jibu halijaja. Nafasi ya kitufe hicho bado ni tupu, lakini bibi yake yule msichana amekwisha kukubali kuwa wa kwanza kurekodiwa.